Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Kigoma: homa ya ini C inapona, tunaomba vijana wetu wanaotumia unga watibiwe

Ujiji, Kigoma

Kwa waheshimiwa wote mliopewa dhamana ya afya katika Mkoa wa Kigoma, kuanzia ngazi ya mkoa na halmashauri hadi waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vyetu.

YAH: KUPIMWA NA KUTIBIWA HOMA YA INI AINA YA C KWA WATU WANAOTUMIA DAWA ZA KULEVYA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Ujiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na ni dada wa kijana anayejidunga heroini. Barua yangu ya kwanza juu ya jambo hili niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia niliambiwa ipo mezani. Nilipofuatilia tena niliambiwa aliyekuwa akiishughulikia amehamishwa. Nikaomba kuonana na mhusika ana kwa ana, nikapangiwa siku, siku ikafika mhusika akawa safarini. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitafuti ugomvi na mtu, na kazi yenu naiheshimu. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga na kipindupindu kikazuka, niliona watumishi wa mkoa huu wakikesha, watu wakisafirishwa kwa MV Liemba na kupokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Najua mnachoweza kufanya mkiamua kwamba jambo ni la dharura.

Jina la mdogo wangu silitaji. Langu nalo nimelihifadhi, kwa sababu anayenijua mimi anamjua yeye. Barua yangu mnayo, na namba yangu ya simu iko chini yake.

Kwa faida ya wasomaji wengine, nieleze kwa kifupi ugonjwa wenyewe. Virusi vya homa ya ini C vinaambukizwa kwa damu: sindano iliyokwisha kutumika, wembe, vifaa vya tiba visivyotakaswa, chale, na mara chache mama kwenda kwa mtoto. Chanjo yake haipo. Iliyopo ni ya aina ya B. Kati ya watu kumi wanaoambukizwa, kama watatu mwili unavishinda wenyewe ndani ya miezi sita. Kwa waliobaki virusi vinakaa, vinaharibu ini taratibu kwa miaka mingi, na mgonjwa anaweza asihisi chochote zaidi ya uchovu. Baada ya miaka kama ishirini, kati ya watu 100 wenye ugonjwa sugu, 15 hadi 30 ini lao linakuwa limejaa makovu. Hapo ndipo tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu, au saratani ya ini inaingia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba mwaka 2022 uliua watu wapatao 242,000. Vidonge vya kuuponya vilianza kutumika mwishoni mwa 2013.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kipimo kinaishia njiani

Mdogo wangu aligundulika kwa bahati. Mama alitakiwa kufanyiwa upasuaji, ndugu tukaambiwa tuchangie damu, naye akajitolea bila kusema anatumia nini. Damu yake ikakataliwa. Hapo mfumo ulifanya kazi yake sawasawa, kwani damu inayochangwa nchini hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C, na ikikutwa na tatizo haitumiki. Baadaye, kwenye hospitali moja ya hapa mkoani, alirudiwa kipimo cha haraka. Mistari miwili ikatokea. Muuguzi akaandika "HCV+", yaani amekutwa na homa ya ini C, kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari lake, akamrudishia. Daftari hilo ninalo nyumbani. Ukurasa wa ndani una tarehe, uzito na presha, na chini yake pametupu. Hapakuandikwa aende wapi, arudi lini, wala apimwe nini tena.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi kwamba kipimo kile cha haraka kinaonyesha kingamwili, yaani kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini. Hakisemi kama bado vimo. Aliyepona mwenyewe na aliyetibiwa akapona, wote wanaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa miaka mingi. Ili kujua nani anaumwa, lazima vipimwe virusi vyenyewe. Na mashine ya kupimia ipo. GeneXpert, ileile inayopima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwenye hospitali zetu za mkoa na wilaya, inapima pia virusi vya homa ya ini C. Inahitaji katriji yake tu, yaani kasha dogo la kuwekea sampuli, na majibu hutoka ndani ya saa moja hadi mbili. WHO ilikithibitisha kipimo hicho mwaka 2017. Anachokosa mdogo wangu ni katriji, na mtu wa kuamua kwamba iagizwe.

Mfuko wa damu tunaupima ili usimdhuru mgonjwa mwingine, halafu mwenye damu tunamwacha aondoke nayo. Nimelitafakari hilo tangu siku ile na sijapata maelezo yake.

2. "Acha unga kwanza, ndipo uje"

Hili ndilo limeniuma kuliko yote. Mdogo wangu aliporudi kuulizia matibabu, daktari alimjibu bila ukali wowote, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri mwema: "Acha unga kwanza. Ukikaa miezi sita bila kutumia, njoo tuongee." Vijana wengine ninaowahudumia wameambiwa hivyohivyo, na watu tofauti, sehemu tofauti, hadi nikaamini kuna waraka. Niliuomba huo waraka. Hakuna aliyenionyesha.

Sharti hilo lina chanzo chake, na naomba tukiseme. Zamani tiba ya ugonjwa huu ilikuwa sindano za intaferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Zilileta homa, zilipunguza damu, ziliwatia watu msongo hadi wengine wakataka kujidhuru, na baada ya mateso yote hayo walipona karibu nusu tu. Kwa tiba ya namna hiyo daktari alikuwa na haki ya kusita mbele ya mtu ambaye maisha yake hayajatulia. Tiba hiyo imeshaachwa. Ya sasa ni sofosbuviri na daklatasviri, vidonge vya kumeza mara moja kwa siku kwa wiki 12 kwa wagonjwa walio wengi, na wanaopona ni zaidi ya 95 kati ya 100. Nasema kupona kwa maana yake kamili: ukimpima wiki 12 baada ya kumaliza dozi na virusi havionekani, huyo amepona. Dawa iliyozaa sharti la "acha kwanza" imeondoka, sharti likabaki.

Mwongozo wa WHO uko wazi kwamba watu wanaojidunga watibiwe, na kwamba kuendelea kutumia si sababu ya kumnyima mtu dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika nchi saba, uliwatibu watu 103 waliokuwa wamejidunga ndani ya miezi sita iliyotangulia, na wengi wao walikuwa wamejidunga ndani ya mwezi mmoja kabla ya kuanza dawa. Waliopona ni 97. Hao walikuwa bado wanatumia, wana arosto zao, yaani mateso ya kukosa unga, wana siku zao za kusahau, na dawa ilifanya kazi.

Mvuvi anayelala kambini bila chandarua akija na malaria anapewa mseto siku hiyohiyo. Hakuna anayemwambia akanunue chandarua, arudi baada ya miezi sita.

Tena Serikali yetu yenyewe ilishavuka daraja hili zamani. Februari 2011 ilifungua Muhimbili kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, na leo huduma hiyo ipo pia Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Hakuna aliyeambiwa aache heroini ndipo apewe methadoni. Kama angeweza kuacha hivyo, methadoni ingekuwa ya nini? Nchi ilikwisha kubali kwamba mraibu ni mgonjwa na anatibiwa akiwa mraibu. Na methadoni haigombani na vidonge vya homa ya ini C. Mtu anaweza kuvimeza vyote dirisha moja, asubuhi moja.

Niongeze jambo moja ambalo huwa nawaeleza wenzangu. Nchi iliyoumizwa sana na ugonjwa huu ni Misri. Kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950, watu wa vijijini kule walichomwa sindano za kichocho katika kampeni za serikali, sindano zikirudiwa kutoka mkono hadi mkono, na virusi vikasambaa kwa mamilioni. Misri ilipoamua kuumaliza, ilipima watu takriban milioni 50 ndani ya miezi saba, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, na waliokutwa na virusi wakapewa dawa bure. Hawakuulizwa virusi viliwaingiaje. Sindano ya zahanati na sindano ya maskani wanakojidungia vijana vinabeba kirusi kilekile, na kidonge kinachokiua ni kilekile.

3. Dawa hazipo, na zikitajwa zinatajwa kama za matajiri

Nimesikia mara nyingi kwamba dawa hizi "ni za mamilioni". Zilikuwa. Sofosbuviri ilipotoka Marekani, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000. Lakini leseni zilitolewa kwa viwanda vya India kuzitengeneza kwa ajili ya nchi kama yetu, WHO ikaziingiza katika Orodha ya Dawa Muhimu mwaka 2015, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinaweza kuagiza dozi nzima kwa chini ya dola 60. Hiyo ni kama shilingi laki moja na nusu kwa mtu kupona. Kumtoa mgonjwa maji tumboni, kumpa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, nauli yake na ya anayemuuguza, kitanda, na mwisho usafiri wa kumrudisha, ni zaidi ya hapo mara nyingi, na haviponyi.

Bei hiyo ni ya nchi inayoagiza kwa pamoja. Familia inayotafuta peke yake haiioni. Kuna familia ninayoifuatilia iliambiwa itafute dawa Dar es Salaam, ikatajiwa bei kwa simu, ikauza injini ya boti, ikapata dozi ya wiki sita. Kijana alimeza za wiki sita zikaisha. Sasa hana boti, na hajui kama virusi vimekwisha, kwa sababu kile kipimo cha pili nilichokitaja hapo juu hakipati.

4. Sindano

Nazijua maskani zao, na sitazitaja hapa, kwa sababu walionipeleka walinipeleka kwa kuniamini. Nitasema nilichokiona. Kijana mmoja alikuwa ananoa sindano kwenye ubavu wa kiberiti, taratibu, huku akiigeuzageuza, kwa kuwa ilikuwa butu na ilimchana mwenzake aliyetangulia. Namba za kwenye bomba zilikuwa zimefutika zote kwa kushikwashikwa. Walikuwa watu kadhaa, bomba moja, kikombe kimoja cha maji. Nilipouliza kwa nini wasinunue nyingine, walinieleza kwamba duka la dawa likimwona mtu wa hali yao linasema sindano zimekwisha, na kwamba wanaogopa kukamatwa nazo mfukoni.

Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa kirusi hiki kinaweza kubaki hai ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Kinapita hata kwenye maji, pamba na kijiko wanavyochangia, ambavyo wengi wao hudhani havina neno maadamu kila mtu ana sindano yake. WHO inalenga kila anayejidunga apate sindano safi 300 kwa mwaka ifikapo 2030. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba methadoni peke yake inapunguza maambukizi mapya ya C kwa nusu, na ikiunganishwa na sindano safi za kutosha inapunguza kwa takriban robo tatu. Mimi natoa elimu ya kutochangia sindano huku mkononi sina sindano ya kumpa mtu. Elimu hiyo wananisikiliza kwa adabu, nikiondoka wanaendelea na bomba lao.

5. Lugha

Hili halihitaji bajeti. Mtu anapofika dirishani akaitwa "teja" mbele ya foleni nzima, akaambiwa akae kule mwisho asiibe simu za watu, haji tena. Na yule aliyekuwa anafikiria kuja, akisikia yaliyompata mwenzake, hatoki maskani. Daftari lenye maandishi mekundu juu ya jalada nalo ni lugha: kila anayelishika njiani anasoma.

Waheshimiwa, najua majibu ninayoweza kupewa, maana mengine nimeshapewa. Naomba niyajibu.

Mtasema watu hawa ni wachache. Utafiti uliofanyika Temeke mwaka 2011 ulikuta zaidi ya robo ya watu wanaojidunga wana kingamwili za homa ya ini C. Sidai kwamba Kigoma ni sawa na Temeke. Ninachosema ni kwamba asiyepima hana haki ya kusema ni wachache. Na kama kweli ni wachache, basi dozi zinazohitajika nazo ni chache, na kazi itaisha mapema.

Mtasema hawamalizi dawa. Wagonjwa wa kifua kikuu wanameza dawa miezi sita kwa kusimamiwa, na miongoni mwao wamo wavuvi wanaohama kambi kila mwezi. Mnao wahudumu wa jamii. Wapo vijana waliopitia unga ambao leo ni waelimishaji rika, wanawajua wenzao kwa majina, na wanajua nani analala wapi. Nipeni vidonge vya wiki moja moja nivipeleke mwenyewe.

Mtasema wataambukizwa tena. Wengine, ndiyo. Walio wengi hawaambukizwi tena, na watakaoambukizwa watatibiwa tena kwa dawa zilezile. Kila anayepona anakuwa sindano moja isiyo na virusi pale maskani, na ndivyo mnyororo unavyokatika. Anayeogopa maambukizi ya marudio aanze na hoja yangu ya nne.

Mtasema ni kazi ya mabingwa. Siku hizi si hivyo tena. Mwaka 2022 WHO ilielekeza huduma hii ishuke hadi vituo vya kawaida na itolewe na madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa. Kinyama cha ini hakikatwi tena kwa ajili ya kupima. Kiwango cha makovu kinakadiriwa kwa vipimo viwili vya damu vya kawaida, kimeng'enya cha ini na chembe sahani zinazogandisha damu. Mambo ya kuangalia yapo na yanajulikana. Mgonjwa apimwe homa ya ini B kabla ya kuanza, kwa sababu B iliyolala inaweza kuamka C inapoondoka. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu amalize kwanza, kwani inadhoofisha vidonge hivi. Anayeishi na VVU akiwa kwenye dawa yenye dolutegraviri anaweza kuendelea nayo bila shida. Haya yanatosha kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani.

Mtasema hili ni suala la sera ya taifa, mkoa hauna la kufanya. Hapa ndipo nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mkoa ndio unaoandika mahitaji yake. Mkoa usipoomba katriji wala dawa, huko juu itasomeka kwamba Kigoma haina tatizo. Rwanda, ambao ni majirani wa Kagera, Desemba 2018 walitangaza mpango wa miaka mitano wa kuitokomeza homa ya ini C nchini mwao. Na nchi yetu imeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Neno "wote" limo ndani ya jina la sheria hiyo, na mdogo wangu ni mmoja wao.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Katriji za kupima virusi vya homa ya ini C ziagizwe kwa ajili ya mashine za GeneXpert zilizopo mkoani, na kila anayekutwa na kingamwili apimwe virusi siku hiyohiyo, sampuli hiyohiyo ikiwezekana, asitumwe nyumbani na daftari.

(b) Mkoa uwasilishe maombi ya dawa za sofosbuviri na daklatasviri kupitia Bohari ya Dawa, na zitolewe bila malipo kwa wasio na uwezo.

(c) Itoke barua ya maandishi kwa vituo vyote vya afya mkoani ikisema kwamba kutumia dawa za kulevya si sababu ya kumnyima mtu kipimo wala tiba ya homa ya ini C. Kama mnaamini sharti la miezi sita ni halali, basi litoeni nalo kwa maandishi, likiwa na sahihi ya mwenye kulitoa, ili tulijadili.

(d) Sindano safi na masanduku ya kurudishia zilizotumika zitolewe kupitia waelimishaji rika, kwa makubaliano yatakayofanywa na vyombo vya usalama kwamba anayebeba sindano kwenda kuirudisha hakamatwi kwa hilo.

(e) Chanjo ya homa ya ini B itolewe kwa wanaojidunga watakaokutwa hawana maambukizi.

(f) Angalau mhudumu mmoja katika kila hospitali apewe jukumu hili kwa jina lake, ili mtu akija aulize anajua anamuuliza nani.

La (c) na la (f) hayangoji fedha. Yanaweza kufanyika wiki hii.

Mdogo wangu ana miaka 29. Bado anafanya kazi ya kubeba mizigo bandarini siku anazoweza, bado anakula, macho yake bado meupe. Amechoka tu, na huo uchovu sijui ni wa unga au ni wa ini, na hakuna anayeweza kuniambia mpaka apimwe. Kwa hali aliyonayo leo, huenda wiki 12 za vidonge zikamtosha. Sitaki nije kuomba kitanda.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii kutoka. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote, na wapo vijana walio tayari kuja nami, ikiwa mtatuhakikishia kwamba watakuja kama wagonjwa na wataondoka kama wagonjwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Ujiji, Kigoma.

Nakala: Waheshimiwa wabunge wa Mkoa wa Kigoma, Waheshimiwa madiwani wa kata zetu.